Natafuta wa kukaa na watoto asubuhi kabla ya shule na jioni baada ya shule (Umoja, Nairobi). Mnafanyaje wenzangu?

MamaWawili
Jumatatu, saa 12:40 jioni

Hamjambo wenzangu. Naandika nikiwa ndani ya matatu, Jogoo Road imefungana kama kawaida, kwa hivyo nikiruka herufi mnisamehe.

Niko Umoja Innercore, nyumba ya chumba kimoja na sebule. Nina watoto wawili, mkubwa miaka 8 yuko Gredi ya 2, mdogo miaka 5 yuko PP2 ya chekechea. Shule yao ni dakika kumi kwa miguu, ila kuna barabara moja ya kuvuka yenye boda boda wasiojua breki. Mimi niko stoo ya kampuni fulani Industrial Area. Naingia saa moja kamili asubuhi, natoka saa kumi na moja jioni. Saa kumi na mbili kasorobo ikinikuta sijafika steji, nimechelewa. Baba yao anaendesha lori la Mombasa hadi Malaba, nyumbani tunamwona siku mbili kwa wiki.

Dada wa kazi tuliyekaa naye miaka mitatu aliolewa mwezi uliopita. Tuliagana vizuri, hata leso nilimpa. Nilipoanza kutafuta mwingine nikajiuliza, mtu wa kulala kwetu wa nini? Watoto wako shule kutwa. Nyumba inakaa tupu kuanzia saa moja na nusu asubuhi hadi saa tisa na nusu. Halafu yule dada alikuwa analala sebuleni, mume wangu akiingia saa nane usiku na mabuti yake inabidi aruke godoro. Hiyo si heshima kwake wala kwetu.

Kwa hivyo nataka mtu wa vipande viwili. Aje saa kumi na moja na nusu alfajiri, awafikishe shuleni saa moja na nusu. Halafu awachukue saa tisa na nusu na akae nao hadi nifike, saa kumi na mbili na nusu hivi. Masaa matano, Jumatatu hadi Ijumaa. Nilidhani nitagombaniwa.

Wiki tatu sasa. Wengine wanacheka tu. Wawili walikubali, tukapatana 6,000 kwa mwezi, Jumatatu ikafika na simu zikazimwa.

Wiki iliyopita siku mbili nilifunga ufunguo kwa kamba ya kiatu, nikamvika mkubwa shingoni, nikamwambia mshale mrefu wa saa ukifika kwa tano mtoke. Jioni nikakuta mdogo amevaa sweta ndani nje, viatu vya kushoto kulia, na mkubwa bado ameushika ule ufunguo kwa ngumi. Alilala nao. Mwenye kibanda cha mandazi ndiye aliyeniambia kwamba aliwavusha yeye. Kesho yake niliingia choo cha kazini nikalia, nikanawa uso, nikarudi kuhesabu katoni.

Matusi sitaki, naomba njia.

Kimya_Kimya
Jumatatu, saa 1:05 usiku

Nafuatilia. Niko Pipeline, shida ni hiyo hiyo.

Mzee_wa_Ploti
Jumatatu, saa 1:20 usiku

Mama, nenda kwa biuro ya wafanyakazi wa nyumbani. Unalipa ada yao, unaondoka na msichana siku hiyo hiyo. Kwa nini ujisumbue?

MamaMapacha
Jumatatu, saa 1:48 usiku

Mzee, biuro niliijaribu mwaka juzi na nilipona kwa neema. Nililipa ada ya 3,000, nikapewa msichana na ahadi kwamba akitoka kabla ya miezi mitatu nitaletewa mwingine bure. Alikaa siku nne. Nikarudi, nikapewa wa pili, huyo alikaa wiki moja na akaondoka na jiko langu la gesi la meko mbili. Niliporudi mara ya tatu mlango wa biuro ulikuwa umepakwa rangi mpya na ndani wanauza nywele.

Sisemi wote wako hivyo. Lakini biuro nyingi zinauza mtu wa kulala. Ukimwambia masaa matano, atakupa yeyote aliyeketi kwenye benchi siku hiyo, na huyo atakubali chochote kwa sababu amechoka na benchi.

Shangazi_Mkuu
Jumatatu, saa 2:10 usiku

Zamani tulikuwa tunatoa mtoto wa ndugu huko nyumbani. Msichana wa miaka 14 au 15, anakusaidia na wewe unamsaidia. Siku hizi mnajifanya wazungu.

Mwalimu_Mstaafu
Jumatatu, saa 2:31 usiku

Shangazi, kwa heshima zote, hapana. Msichana wa miaka 14 naye anatakiwa awe darasani. Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 inamlazimu mzazi kumpeleka shule, na Sheria ya Watoto ya 2022 inamtambua kama mtoto hadi atimize miaka 18. Huyo ungekuwa unamtoa darasa lake ili awapeleke wengine darasani kwao. Nimefundisha miaka 31, hao wasichana niliwaona wakiondoka. Wachache sana walirudi.

MamaWawili, nikuulize kuhusu shule yenyewe. Kanuni za Elimu ya Msingi za 2015 zimeweka masomo ya shule za kutwa kuanzia saa mbili kamili asubuhi hadi saa tisa na nusu, halafu michezo na vilabu hadi saa kumi na moja kasoro robo. Watu wengi husoma hiyo sehemu ya kwanza tu. Kama shule yao ina vilabu vya kweli, kandanda, skauti, kwaya, mkubwa anaweza kubaki hadi saa kumi na moja kasoro robo bila wewe kutafuta mtu. Mdogo wa PP2 ni suala lingine, wale wanachoka mapema.

Ila usiulize ofisi tu. Nenda siku moja saa kumi jioni uangalie kwa macho yako ni nani amebaki na watoto. Mahali pengine "vilabu" ni watoto arobaini uwanjani na askari wa lango anayeongea na simu.

MamaWawili
Jumatatu, saa 3:02 usiku

Asante mwalimu. Skauti wako, Jumanne na Alhamisi. Nilijua ni wa Gredi ya 4 kwenda juu, nitauliza.

Kijana_wa_Mtaa
Jumatatu, saa 3:15 usiku

Si uache kazi ulee watoto wako? Mshahara wenyewe unaishia kwa yaya na nauli.

MamaMapacha
Jumatatu, saa 3:17 usiku

Kijana, kodi ya nyumba italipwa na wewe? Weka namba hapa.

Kimya_Kimya
Jumatatu, saa 3:18 usiku

😂 Amekimbia.

DadaKayole
Jumanne, saa 4:20 usiku

Nimesoma yote na nilitaka kunyamaza, lakini acha niseme. Mimi ndiye huyo dada mnayemtafuta.

Nimefanya kazi za nyumba miaka tisa, ya kulala na ya kutwa. Nina watoto wangu, kwa hivyo ya kulala nilishaacha. Mwaka jana nilipata mama mmoja wa mtaa wa Tena, masaa kama hayo ya MamaWawili, mshahara ule ule wa 6,000. Hebu tupige hesabu pamoja. Natoka Kayole asubuhi, narudi asubuhi, natoka mchana, narudi usiku. Hizo ni gari nne kwa siku. Weka 40 kila gari, bila mvua, maana mvua ikinyesha ni 70. Siku 22. Hiyo ni 3,520. Nabaki na 2,480 kwa mwezi, na nimeamka saa kumi usiku.

Mtaniuliza kwa nini sikubaki huko katikati. Nibaki wapi? Yule mama alikuwa anafunga nyumba. Miezi miwili nilikuwa naketi nje ya duka la dawa, mwenye duka akaniuliza kama naumwa.

Nyinyi mnaona mnanunua masaa matano. Mimi naona mmenunua siku yangu yote. Kazi ya fua inaanza saa mbili, nyumba nzuri inanipa 700 au 800 na nimemaliza saa nane. Hiyo naweza kuifanya katikati, lakini iwe karibu. Nikipata fua huku Kayole na watoto wako Umoja, saa tisa itanikuta nikianika.

Kwa hivyo wale wawili waliokuzimia simu usiwalaani. Walikubali kwa sababu walikuwa na shida, halafu usiku wakapiga hesabu.

Jambo lingine. Saa kumi na moja alfajiri barabara yetu ina giza. Mwanamke hatembei peke yake. Ukitaka mtu wa saa hiyo, awe wa ploti yako au ya pili yake. Acha kumtafuta Facebook, mtafute kwa kamba ya kuanikia nguo.

MamaWawili
Jumanne, saa 4:41 usiku

Dada, nimeisoma mara mbili. Mimi nashika kalkuleta siku nzima kazini na sikuwahi kupiga hiyo hesabu. Pole kwa hayo ya duka la dawa.

HesabuTu
Jumatano, saa 2:15 asubuhi

DadaKayole amesema yote, mimi naongeza za sheria. Kima cha chini cha mfanyakazi wa nyumbani Nairobi, kilichowekwa Novemba 2024, ni shilingi 16,113.75 kwa mwezi, bila marupurupu ya nyumba. Wiki kamili ya kazi katika amri ile ya mishahara ni masaa 52. Masaa 25 kwa wiki ni karibu nusu, inakuja kama 7,750. Kwa hivyo 6,000 ilikuwa chini hata kwa kipimo cha masaa matupu, kabla hujaweka nauli wala alfajiri.

Na akikaa nawe miezi mitatu au zaidi, andikeni mkataba, hata ukurasa mmoja. Sheria ya Ajira ya 2007 inadai hivyo. Masaa, siku ya malipo, akiugua anamjulisha nani, notisi ya kuacha. Kuna pia makato ya SHIF, bima ya afya ya serikali, asilimia 2.75 na isipungue 300. Watu wanaona ni usumbufu, lakini siku atakapolazwa ndipo mtakumbukana.

Mzee_wa_Ploti
Jumatano, saa 2:40 asubuhi

HesabuTu, ukifuata hayo yote hakuna mtu Umoja ataajiri mtu.

HesabuTu
Jumatano, saa 2:44 asubuhi

Mzee, kodi ya nyumba zako uliongeza lini mara ya mwisho?

BabaPeke
Jumatano, saa 7:30 mchana

Niko Roysambu, nalea binti wa miaka 7 peke yangu. Nitawaambia tulivyofanya na tulivyoharibu.

Tulikuwa wazazi watatu, floo tatu za jengo moja. Mtoto wangu, wawili wa jirani wa juu, mmoja wa jirani wa chini. Wote shule moja. Tukachukua mama mmoja anayekaa nyuma ya jengo letu, kila nyumba ikatoa 4,500, yeye akapata 13,500 kwa kazi ya asubuhi na jioni. Alikuwa anawakusanya watoto wanne alfajiri kwa nyumba moja, uji sufuria moja, halafu wanashuka ngazi kama treni. Jioni hivyo hivyo. Nyumba tulikuwa tunabadilishana kila wiki.

Ilienda vizuri miezi saba. Unajua iliharibikia wapi? Maziwa. Wiki ikiwa kwako, uji na maziwa ni yako, na watoto wa jirani walikuwa wanakunywa kama ndama. Mwingine akaanza kununua pakiti moja ya watoto wanne. Mwingine akaanza kufika saa mbili usiku kila Ijumaa na kusema Thika Road. Sote tunatumia Thika Road.

Baadaye tulirudiana wawili, tukaandika. Chakula tunachanga Jumapili kwa M-Pesa, pesa inashikwa na yule mama mwenyewe. Ukichelewa, kila robo saa ni 100, na inaenda kwake moja kwa moja. Tangu hapo jam ya Ijumaa imepona kimiujiza.

Mtoto akiwa na homa, anakaa na mzazi wake, haendi kwa kundi. Hilo msilipindishe hata kama mna mkutano. Tulilipindisha mara moja, tetekuwanga ikazunguka nyumba tatu.

Kimya_Kimya
Jumatano, saa 8:02 mchana

"Wanakunywa kama ndama" 😂 Baba, lakini hongera. Hapa Pipeline jengo langu lina nyumba themanini na simjui hata mmoja jina.

MamaMapacha
Jumatano, saa 3:10 usiku

Kuhusu usalama, maana nyote mmeongea pesa.

Baada ya yule wa gesi nilijifunza. Nakala ya kitambulisho, picha, namba ya mtu wa kwao, hayo ni ya lazima. Cheti cha tabia njema kinaombwa kwa tovuti ya serikali ya eCitizen, 1,050, halafu alama za vidole zinachukuliwa Huduma Centre. Mlipie wewe, usimwambie ajilipie kabla hajapata mshahara. Lakini cheti kitakuambia tu kama ana rekodi kwa polisi. Hakikuambii kama atamsikiliza mtoto anayelia.

Ukimpigia mwajiri wa zamani, usiulize "alikuwa mzuri?" Kila mtu atasema alikuwa mzuri. Muulize mtoto wake alikuwa darasa gani wakati huo, na alikuwa anapenda kula nini. Kama ni rafiki yake ameombwa ajifanye mwajiri, utamsikia akitafuta jibu.

Shuleni peleka barua yenye jina na picha ya anayechukua watoto, na useme akija mtu mwingine yeyote, upigiwe simu wewe kwanza. Sisi na mapacha tuna neno letu la siri. Mtu akija akisema "mama amenituma" bila lile neno, hawaendi. Neno lenyewe ni jina la mbuzi wa nyanya yao, na limebadilika mara mbili kwa sababu wanalipayuka.

Halafu rudi nyumbani siku moja bila kusema. Ukikuta mtoto wa miaka mitano amelala fofofo saa kumi na moja jioni kila siku, uliza alikunywa nini. Nimeona dawa ya mafua ikitumika kama yaya. Na mtoto akikuambia jambo la kuguswa au kupigwa, usimhoji kama polisi, mwamini, na namba ya watoto ni 116, haina malipo.

Shosho_wa_Buru
Alhamisi, saa 4:05 asubuhi

Watoto wangu, mimi niko Buruburu, nina miaka 66, na jioni ninakaa na wajukuu wawili na watoto wawili wa jirani. Silipwi mshahara, naletewa sukari, unga, na Krismasi kitenge. Nawaambia hili kwa sababu hakuna mtu ameuliza wazee. Mitaa yetu hii ya zamani imejaa akina mama wamestaafu, wanatazama televisheni saa tisa mchana. Wengine wangependa kelele ndogo.

Lakini msitugeuze punda. Mimi alfajiri sitoki, magoti yangu hayaskii. Na mtoto wa kukimbizana naye barabarani simwezi. Nipe waliokaa, wanaofanya kazi ya shule mezani, nawapikia viazi.

Na mseme asante. Kuna mmoja alikuwa anamteremsha mtoto langoni na kupiga honi.

MamaWawili
Alhamisi, saa 1:15 usiku

Shosho, ungekuwa Umoja ningekuletea kitenge leo.

Mama_Kangemi
Alhamisi, saa 2:20 usiku

Msidharau vituo vidogo vya kulea watoto pia. Vingi ni vya walio chini ya miaka mitano, lakini yule mama wangu wa Kangemi anawachukua wakubwa kutoka saa tisa na nusu, analipwa kwa siku. Kuna mashirika kama Kidogo na Tiny Totos yanayofundisha na kusaidia wenye vituo vya mitaani hapa Nairobi, kwa hivyo uliza kituo kama kimepitia mafunzo yoyote. Hesabu vichwa, kisha hesabu watu wazima. Ingia chooni. Tazama wanapohifadhi mafuta ya taa. Mimi kituo cha kwanza nilitoka kabla ya kuketi, jiko la makaa lilikuwa katikati ya chumba na watoto wanalizunguka.

Ubaya wake ni kwamba vingi vinafunga saa kumi na mbili, na ukichelewa mama wa watu anakungoja na watoto wake wana njaa.

BabaPeke
Alhamisi, saa 2:33 usiku

MamaWawili, swali moja. Likizo umeweka wapi? Aprili, Agosti, na kuanzia mwisho wa Oktoba au Novemba hadi Januari. Halafu midtamu, yale mapumziko ya katikati ya muhula. Huo mpango wa masaa matano unakufa siku shule zinafungwa.

MamaWawili
Alhamisi, saa 2:35 usiku

Uuui.

BabaPeke
Alhamisi, saa 2:41 usiku

Ndiyo. Na zile za ghafla. Mnakumbuka 2024, mafuriko, muhula wa pili ulikuwa ufunguliwe mwisho wa Aprili, tukaambiwa wiki moja zaidi, halafu hatukuambiwa lini, hadi wakafungua tarehe 13 Mei. Nilimpeleka binti kazini siku tatu. Bosi wangu sasa anamjua kwa jina na bado ananitazama vibaya. Patana bei ya siku nzima kabla ya kuanza, iandike kando ya ile ya masaa matano. Usingoje shule ifungwe ndipo ubembeleze, utalipa utakachoambiwa.

DadaKayole
Alhamisi, saa 3:30 usiku

Baba amesema vizuri. Na sisi watoto wetu pia wanafunga siku hiyo hiyo. Hilo huwa hamfikirii. Mkisema "njoo siku nzima" wangu nitawaacha na nani?

Mwalimu_Mstaafu
Alhamisi, saa 3:52 usiku

Hapo umetufunga midomo sote.

MamaWawili
Jumamosi, wiki tano baadaye, saa 9:10 mchana

Nimerudi. Wengine mlinitumia ujumbe wa faragha mkiuliza, kwa hivyo naandika hapa mara moja.

Nilifanya alivyosema DadaKayole. Jumamosi moja badala ya kutafuta kwa simu niliketi kwa kibanda cha mandazi kuanzia saa moja asubuhi, nikanunua chai mbili. Nikamweleza yule mama wa kibanda, si ndiye aliyewavusha watoto. Akanitazama, akasema, "Na Mama Fua wa ploti ya kijani humjui? Anapita hapa na beseni kila siku." Ploti ya kijani iko nyuma ya yetu. Kamba zetu za nguo karibu zigusane. Miaka minne nimekaa hapa.

Tuliongea siku hiyo hiyo, yeye akifua, mimi nikiwa nimeketi kwa ndoo. Ana miaka 40 na kidogo, ana kijana wa miaka 6 shule ya jirani. Nilimwambia masaa, akauliza swali moja tu: "Na katikati?" Nikajua nimepata mtu anayejua hesabu. Basi nikaenda nyumba kwa nyumba, nikampatia fua mbili za kudumu kwenye ploti yetu, Jumanne na Alhamisi, wenyewe wakakubali kulipa 700. Mimi namlipa 9,500 pamoja na SHIF yake. Tumeandika ukurasa mmoja, akasaini, nikasaini, mama wa mandazi akawa shahidi na akaacha alama ya mafuta kwa pembe.

Bosi nilimwomba niwe naingia saa moja na nusu siku mbili za wiki. Alikataa, kwa hivyo hilo halikuwezekana.

Wiki ya kwanza ilikuwa ya majaribio, nikalipa kwa siku. Siku ya pili nilirudi mapema bila kusema, kama MamaMapacha alivyofundisha. Nilisimama nje ya mlango nikasikiza. Ndani alikuwa anabishana na mkubwa kuhusu kama saba mara nane ni hamsini na sita, na Mama Fua ndiye alikuwa amekosea. Nikagonga.

Haijakuwa asali. Wiki ya tatu kijana wake alishikwa na homa, akanipigia saa kumi na moja alfajiri. Nilitaka kukasirika, halafu nikakumbuka maneno ya DadaKayole. Nilimpeleka mdogo kwa mama wa kibanda, mkubwa akaenda na mtoto wa jirani, mimi nikafika kazini saa mbili na nikaandikiwa barua ya onyo. Sasa tumepatana kwamba kijana wake anakuja naye asubuhi, wanakunywa uji watatu kwa meza moja, anawapitisha shule zote mbili. Maziwa nimeongeza pakiti. BabaPeke, ndama nimewaona.

Likizo ya Agosti tumeandika 600 kwa siku nzima, kijana wake akiwemo. Skauti walikubali Gredi ya 2 mradi mzazi asaini.

Mwalimu_Mstaafu
Jumamosi, saa 9:40 mchana

Hiyo barua ya onyo iweke vizuri, usiitupe. Na ufunguo?

MamaWawili
Jumamosi, saa 9:44 mchana

Mwalimu, bado anaushika. Nilimwambia auweke kwa msumari, akasema anamwekea Mama Fua akisahau wake. Sijamlazimisha.

Kimya_Kimya
Jumamosi, saa 10:01 jioni

Huyo Mama Fua hana dada?

MamaWawili
Jumamosi, saa 10:06 jioni

Ana mdogo wake Kariobangi South. Nilimuuliza kwa ajili yako. Amesema Pipeline haendi, anataka mtu wa kutembea kwa miguu.

DadaKayole
Jumamosi, saa 10:09 jioni

Mwambieni hongera.